Namba ya Siri ya Wanawake Thelathini na Mmoja

Alhamisi ile nilikwenda kijijini kwa mama nikiwa na kiburi changu chote. Nilivaa fulana ya kampuni yenye neno KIBINDO kifuani, begi la kompyuta begani, na viatu ambavyo sikupaswa kuvivaa kwenye tope la Njombe. Kibindo ni programu ya simu. Vikundi vya kuweka na kukopa hutunza pesa zao humo na kulipana humo humo, na mimi, katika ofisi yetu ya Makambako, kazi yangu ni usalama wa malipo: kuhakikisha hakuna shilingi inayotoka bila ruhusa ya wenyewe.

Kikundi cha mama kinaitwa Juhudi. Kilikuwa cha kwanza kujiunga na Kibindo katika vijiji vya upande ule, na hakikujiunga kwa ajili ya matangazo yetu. Kilijiunga kwa sababu mama yangu, Kristina Mgaya, mwenyekiti wao kwa miaka kumi na minne, alisimama mbele ya wenzake akawaambia, "Anayeilinda hii pesa ni mtoto niliyemzaa mwenyewe." Kwa neno hilo wakaacha sanduku lao la chuma la kufuli tatu. Kwa hiyo pesa ile ingepotea, hakuna ambaye angekuja Makambako kuiuliza kampuni. Wangemuuliza mama, na mama alilijua hilo, nami nililijua.

Niliwakuta kwenye ukumbi wa usharika, wanawake thelathini na mmoja, masweta juu ya vitenge, maana baridi ya Juni kule haina mzaha. Hata hivyo madirisha yalikuwa wazi. Nje, fundi alikuwa anaranda mbao za milango, na wanafunzi walikuwa wanapita kurudi nyumbani. Nikawasalimu, "Kamwene," wakaitikia kwa furaha, wengine wakinishika mashavu kama vile bado nina miaka sita. Mimi pia ni mwanachama, wa thelathini na mbili. Mama alinianzishia hisa nilipokuwa chuoni, na tangu hapo ananinunulia kila wiki.

Mama akaongoza sala. Tukasema amina. Kisha Ema, katibu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kwaya, akasimama na daftari lake.

"Wanachama, namba yetu ya siri?"

"Nne! Saba! Sifuri! Mbili!" ukumbi wote ukaitikia.

Niligeuka kuyatazama madirisha yaliyo wazi.

"Sijawasikia wa nyuma," akasema Ema.

"NNE! SABA! SIFURI! MBILI!"

Pale dirishani, fundi naye alikuwa anaitikia taratibu huku akiendelea kuranda, kama mtu anayeujua wimbo. Mama akaichukua simu ya kikundi, akabonyeza namba mbele ya watu wote, pesa zikafunguka.

"Mama!" niliruka. "Mnafanya nini? Hiyo ni namba ya siri! Ya siri!"

"Siri na nani, mwanangu?" akauliza Bertila, mtunza fedha wetu, kwa upole kabisa. Bertila ana mikono mikubwa ya kuchimba viazi, na alikuwa ameikunja mapajani akinitazama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Akanieleza. Enzi za sanduku la chuma, kila mkutano ulipokwisha, salio lilitamkwa kwa sauti na kila mwanachama akalishika kichwani. Wiki iliyofuata sanduku likifunguliwa, kila mtu alijua kinachopaswa kuwamo. Hakuna aliyenong'ona juu ya pesa pale. Anayenong'ona ndiye anayeiba. Basi simu ilipowadai namba, walijadili nusu ya siku wakapiga kura. Mtu mmoja kuijua namba ni hatari. Watatu wanaweza kula njama. Wakiijua wote, wote ni walinzi.

Ningekuwa na akili siku ile ningecheka kwanza, nikaketi nao. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, na damu ilikuwa imenichemka mpaka masikio yanawaka.

"Huu ni ujinga," nikasema.

Nilikuwa nimewaambia hivyo wanawake walionibeba mgongoni.

"Dainess," mama akasema. "Kaa chini."

Sikukaa. Nilisimama pale na fulana yangu nikawatangazia masharti mapya: kuanzia Jumatatu, malipo yataidhinishwa na watu watatu, mwenyekiti, katibu na mtunza fedha, kila mmoja kwa simu yake na namba yake, na asimwambie mwenzake hata wakiwa kwenye maombi.

"Sasa pesa ikipotea, tutajuaje ni nani kati ya hao watatu?" akauliza mama mmoja wa nyuma.

"Mfumo utajua."

Wakatazamana. Mama aliponisindikiza barabarani, alitembea njia nzima bila kuniangalia, kisha akasema, "Umenitia aibu leo. Lakini nitazungumza nao, wakuelewe."

"Watanielewa siku wakiibiwa," nikamjibu.

"Mungu apishe mbali," akasema mama, akanirekebishia kola ya fulana, akarudi ndani.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mezani kwangu, ofisini Makambako, nakunywa chai. Saa nne na dakika kumi ikatokea alama nyekundu kwenye kompyuta. Kikundi cha Juhudi, milioni tatu zimetolewa taslimu kwa wakala wa Njombe mjini. Nikaweka kikombe chini. Dakika kumi na mbili baadaye, milioni mbili na nusu kwa wakala mwingine. Kisha wakala wa tatu. Kisha wa nne. Ndani ya dakika arobaini, kila kitu walichokusanya tangu Januari, milioni kumi na moja na ushee, ada za watoto na mbolea ya msimu, kilikuwa kimetoka. Salio: sifuri.

Hivyo ndivyo wezi wanavyofanya, kila anayefanya kazi yangu anajua: wanaruka kutoka kwa wakala mmoja kwenda kwa mwingine, haraka, kabla mwenye pesa hajashtuka. Nikawaza fundi wa dirishani. Nikawaza wanafunzi. Nikawaza mama akisimama mbele ya wenzake bila kitu.

Na nitasema kweli, maana nikiificha basi nisisimulie kabisa: chini ya mshtuko ule palikuwa na kitu kidogo ndani yangu kilichofurahi. Si niliwaambia?

Nikampigia mama. Simu imezimwa. Nikampigia Ema. Imezimwa. Bertila. Imezimwa. Nilimwona mama yangu amelala kwenye mtaro mahali fulani, na simu yake mkononi mwa mtu mwingine.

"Utaratibu unaujua, Dainess," akasema Praygod, meneja wetu, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. "Tuma ripoti. Una saa moja, lakini pesa haitakusubiri."

Nikafungua fomu ya wizi. Jina la mtu anayekaa na kifaa? Nikaandika Kristina Mgaya. Anapatikana? Hapana. Kikundi kimewahi kukiuka masharti ya usalama? Ndiyo. Eleza. Hapo nikaeleza, mistari mitatu, kwa hasira yote ya jana: kwamba namba inaimbwa mkutanoni, kwamba mwenyekiti anajua na ndiye anayeongoza. Sikuisoma mara ya pili. Nikabonyeza Tuma.

Ripoti ikishatumwa inafika polisi moja kwa moja, na hakuna mtu katika ofisi yetu anayeweza kuifuta. Zamani iliwezekana. Mimi ndiye niliyependekeza mwaka jana izuiwe, ili mfanyakazi asihongwe wala asibembelezwe na ndugu zake. Walinipongeza kwa hilo, nikapewa na cheti.

Saa sita na nusu Ema akapiga.

"Dainess, mama yako amekamatwa."

"Amekamatwa na nani? Na wezi?"

"Wezi gani? Na polisi. Tumesimamishwa njia panda. Wamemchukua yeye na ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya pesa. Juu tulikuwa tumeweka viazi."

Nilisikia maneno, kila neno peke yake, lakini hayakutaka kukaa pamoja kichwani. "Ema, pesa zipo?"

"Zitakwenda wapi? Tumezitoa wenyewe."

Nikakaa sakafuni. Wenzangu ofisini waligeuka kunitazama, na sikujali.

Ema akanieleza huku akihema. Nilipoondoka jana walirudi ukumbini wakajadili masharti yangu. Namba tatu za kufichana hawakuzitaka hata kidogo. Mama alinitetea mpaka sauti ikamkauka, wakamshinda kwa kura, na kwa kuwa ni mwenyekiti ikambidi atii uamuzi wa mkutano na kwenda kuzitoa. Walitaka kurudi kwenye sanduku lao la chuma, basi. Wakala wa kwanza hakuwa na pesa taslimu za kutosha, wa pili pia, ndiyo maana wakazunguka kwa wanne.

"Na simu? Kwa nini mlizima simu zote?"

"Pesa ikiwa njiani tunazima. Ni tangu zamani. Hata waume zetu hawaambiwi."

"Sasa mimi, Ema! Mimi mngeshindwa nini kuniambia?"

"Mama yako ndiye aliyekataa. Alisema tukuambie jioni, ukiwa umetoka kazini. Alisema ukisikia ukiwa kazini utalia mbele za watu."

Nikalia mbele za watu.

Nikamwendea Praygod nikamwomba aifute ripoti. Akanitazama kwa huruma akanikumbusha kwamba haifutiki. Barua ya kuondoa malalamiko lazima itoke makao makuu, Dar es Salaam, baada ya uhakiki. Tukapiga simu. Aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akasema watahakiki na barua itatoka kesho asubuhi. Nikamwambia mwenye kosa ni mimi, pesa hazijaibiwa, na huyo aliyekamatwa ni mama yangu. Akasema, kwa adabu ile ile, kwamba sheria hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya simu za namna hii.

Nilifika Njombe alasiri, ukungu umeshaanza kushuka. Uani mwa kituo cha polisi walikuwa wamesimama wanawake wa Juhudi, karibu wote, wamejifunika vitenge hadi kichwani. Hawakunisogelea wala hawakunitukana. Walinipisha nikapita katikati yao. Ingekuwa nafuu wangenitukana.

Afande wa kaunta, kijana mstaarabu, alikuwa amechoka. Muda mfupi kabla yangu alikuwa ametoka nje kuwauliza ni nani hasa aliyebonyeza namba kwa wakala. Bertila akasema ni yeye. Ema akasema hapana, ni yeye. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka afande akafunga daftari lake akisema hana chumba cha kuwaweka wanawake thelathini.

"Mlalamikaji ni kampuni, dada," akaniambia. "Lete barua."

"Lakini mimi ndiye niliyeandika hiyo ripoti!"

"Basi unajua ulichoandika," akasema, bila ubaya wowote, akanigeuzia karatasi niisome. Mistari yangu mitatu ilikuwa pale. Mwenyekiti anajua na ndiye anayeongoza.

Wakamtoa mama ili nimwone. Alikuwa peku, wamemvua viatu kama wanavyomvua kila anayeingia mahabusu, na kitambaa cha kichwani hakikuwepo. Sijawahi kumwona mama kichwa wazi mbele ya wanaume. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyofikiri.

"Umekuja," akasema. "Afadhali. Nimewauliza hawa ni nani aliyetushtaki, wanasema kampuni. Kampuni ni nani? Muulize bosi wako. Kuna mtu ameandika kwamba ninawaongoza wenzangu kuiba."

Afande akainamia karatasi zake akijifanya anatafuta kitu.

"Ni mimi, mama."

Hakuelewa. Niliona haelewi, anasubiri niendelee.

"Mimi ndiye niliyeandika. Niliona pesa zinatoka, nikadhani mmeibiwa, nikadhani labda umeuawa. Fomu inauliza jina la mwenye simu. Nikaandika."

Mama akashika ukingo wa kaunta. Akauliza, "Ulinipigia?"

"Nilipiga. Simu ilikuwa imezimwa."

"Ukasubiri muda gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimeshaangalia kwenye simu yangu njiani, mara nyingi. "Dakika kumi na moja."

"Dakika kumi na moja," akasema mama. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni. "Haya." Akageuka mwenyewe, kabla hajaambiwa, akarudi ndani na nyayo zake wazi kwenye ile sakafu ya saruji. Usiku ule alilala juu yake. Njombe, mwezi wa sita.

Barua ilifika Jumamosi saa nne asubuhi. Pesa zikahesabiwa mbele ya mashahidi, hazikupungua hata mia. Mama akarudishiwa viatu na kitambaa, akakifunga kichwani taratibu bila kioo. Nilikuwa nimekodi gari dogo la kumpeleka nyumbani, nimeweka na blanketi kiti cha nyuma. Akapita pembeni yake. Akatembea na wenzake, Bertila amebeba ndoo, mpaka nikashindwa kuwaona.

Wiki nzima hakupokea simu zangu. Alhamisi iliyofuata nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ukumbini bila fulana ya kampuni. Sanduku la chuma lilikuwa limesharudi mezani. Nikapiga magoti katikati ya mabenchi nikaomba radhi, kwanza kwa mama, kisha kwa wote, kwa neno nililowaambia na kwa niliyoyaandika. Nililia kabla sijamaliza.

Katiba ya Juhudi ina kifungu chake: mwanachama anayewafikisha wenzake kwa serikali bila kulileta jambo mkutanoni, anapigiwa kura. Ema akakisoma. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

"Aliogopa," akasema Bertila. "Mtoto akiogopa kuhusu mama yake anaweza kufanya lolote. Mimi ningevunja na mlango. Na tazameni, ameshalia mpaka kamasi. Tumtoe ili tupate nini?"

Wakacheka, hata mimi nikacheka ndani ya machozi. Kifua kilianza kunifunguka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

"Wanaotaka Dainess abaki," akasema Ema.

Mikono ikapanda. Benchi la mbele lote, la kati lote, la nyuma lote, na Ema mwenyewe. Akaihesabu kwa sauti, kama desturi, mpaka ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Akaandika. Wengine walishaanza kupiga vigelegele, mmoja akanishika mkono kuniinua.

"Wanaotaka atoke," akasema Ema haraka haraka, kwa kutimiza utaratibu tu, akiwa ameshaanza kufunga daftari.

Vigelegele vikakatika. Nikageuka kuangalia wanachokitazama.

Mama alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mwenyekiti, macho yake kwenye ukuta wa mbele, mkono wa kulia juu.

"Mama mwenyekiti," akasema Ema kwa sauti ndogo, "tumeshapata thelathini. Si lazima."

"Hesabu," akasema mama.

Ema akanitazama, akafungua tena daftari, akaandika: mmoja.